Sikio la Mgonjwa na Kazi ya Muuguzi

(Ifuatayo ni hotuba ya mwanachama mwenzetu, Afisa Muuguzi katika utumishi wa Serikali, aliyoisoma siku ya mkutano wetu mbele ya vijana waliomaliza shuleni hapa na ambao sasa wanasomea uuguzi. Tunaichapa kama ilivyosomwa. – Mhariri)



Nimepewa nusu saa, na Ndugu Katibu amekwisha kunionya kwamba pilau haingoji hotuba. Kwa hiyo naingia moja kwa moja katika jambo lililonileta hapa, yaani maradhi ya masikio, uzito wa kusikia na kizunguzungu.

Huenda baadhi yenu mngependa nizungumzie malaria, kifua kikuu au uzazi salama. Hayo ni makubwa, lakini mtafundishwa sana vyuoni na mtaandikiwa miongozo mingi. Sikio hupewa kurasa chache, kisha mtihani ukipita husahaulika. Sababu ni kwamba sikio aghalabu haliui upesi. Mtoto mwenye homa kali atapitishwa mbele ya foleni. Mwenye usaha sikioni ataambiwa asubiri. Lakini kwa kusubiri huko, mtoto aliyezaliwa mzima anaweza kuwa kiziwi akiwa bado yumo darasa la tatu.

Nimefanya kazi miaka kadhaa katika delta ya Rufiji, upande wa kata ya Salale, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kibiti na zamani ilikuwa chini ya Wilaya ya Rufiji. Anayeijua Nyamisati anajua kwamba huko mambo huendeshwa na maji. Maji yakijaa chombo huondoka. Yakipwa, kimelala juu ya matope kati ya mikoko na mgonjwa hana budi kungoja. Mama anayetoka kisiwani na mtoto mgongoni hatafunga safari hiyo kwa ajili ya sikio peke yake. Atakuja kwa homa, na sikio litaonekana ikiwa muuguzi ataligeuza kichwa cha mtoto na kuliangalia. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaomba mkariri ni hili: mtoto yeyote anayefika mbele yako, tazama masikio yake, hata kama hakuletwa kwa sababu ya masikio.

Tukumbushane kwanza umbile la sikio. Sikio lina sehemu tatu. Sikio la nje ni lile tunaloliona pamoja na tundu lake, na tundu hilo linaishia kwenye ngoma ya sikio. Nyuma ya ngoma kuna sikio la kati, chumba kidogo chenye hewa na vifupa vitatu vinavyopokezana sauti. Chumba hicho kimeunganishwa na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Sikio la ndani lina viungo viwili vinavyokaa pamoja kama ndugu katika nyumba moja: kimoja chenye umbo la nyumba ya konokono, ambacho hugeuza sauti kuwa taarifa ya kwenda ubongoni, na kingine chenye mirija mitatu ya nusu duara, ambacho huujulisha ubongo jinsi kichwa kinavyogeuka. Kwa kuwa wanakaa nyumba moja, maradhi yakimpata mmoja mara nyingi humgusa na wa pili. Ndiyo maana uziwi na kizunguzungu huja wakiwa wameshikana mikono.

Sasa nianze na ugonjwa ambao mtauona kuliko mwingine wowote: sikio linalotoka usaha.

Mtoto mdogo huupata kwa urahisi kwa sababu ule mrija wa kutoka nyuma ya pua kwake ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima. Mafua yakimpata, vijidudu hupanda. Chumba cha sikio la kati hujaa usaha, mtoto hulia usiku na kulishika sikio, kisha ngoma hupasuka na usaha hutoka. Maumivu hupungua, na mama hufurahi akidhani mtoto amepona. Hapo ndipo penye hatari. Ikiwa usaha umetoka kwa muda usiofika siku 14, huo bado ni ugonjwa mpya, na mtoto anahitaji dawa ya kunywa ya kuua vijidudu, aghalabu amoksilini, pamoja na dawa ya maumivu. Ukifika siku 14 au zaidi, huo ni ugonjwa sugu. Dawa ya kunywa haisaidii sana, na kinachotakiwa ni kulikausha sikio na kutia matone ya dawa ya jamii ya siprofloksasini kwa wiki mbili.

Kukausha sikio ni kazi ya muuguzi hasa, wala haihitaji mashine. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, au karatasi laini yenye nguvu, ukisokote kiwe utambi. Uingize utambi sikioni, ungoje ulowe, uutoe, uingize mwingine, mpaka utoke mkavu. Ndipo matone ya dawa yatiwe. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Usitumie kijiti cha kiberiti wala vijiti vya pamba vya dukani. Ufanye mbele ya mama, kisha umpe mama afanye mbele yako, maana siku 13 zinazobaki atakuwa peke yake kisiwani. Matone yakitiwa juu ya usaha huelea tu na hayafiki panapotakiwa. Nimeona watu wakisema dawa haifai, kumbe haikupewa njia ya kupita.

Mwambieni mama pia asiache maji yaingie katika sikio hilo. Hili ni gumu kusemwa katika delta, ambako watoto hujifunza kuogelea kabla ya kusoma. Lakini pamba iliyopakwa mafuta mazito na kuwekwa mlangoni mwa sikio wakati wa kuoga inasaidia, na kuogelea kunaweza kuahirishwa mpaka sikio likauke. Wala asitie sikioni mafuta ya moto, maziwa ya mama, maji ya kitunguu wala mafuta ya taa. Msimgombeze kwa hayo. Alifanya alichofundishwa na mama yake kwa nia ya kumponya mwanawe. Mwelezeni kwamba ngoma ya sikio imetoboka, na kitu chochote kinachomiminwa kitaingia ndani.

Kuna dalili ambazo zikionekana hamtakiwi kungoja. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, unaolisukuma sikio mbele; shingo kukakamaa au mtoto kulegea na kupoteza fahamu; uso kupooza upande mmoja; kizunguzungu kikali kikiambatana na usaha. Mgonjwa wa namna hiyo apewe dozi ya kwanza ya dawa kwa mujibu wa mwongozo na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani usaha umekwisha kuvuka mipaka ya sikio na unaweza kuingia ubongoni. Ulizeni ratiba ya maji kabla ya kuandika barua ya rufaa. Barua nzuri isiyo na chombo cha kumbeba mgonjwa haimfikishi popote.

Ndugu zangu, niseme kidogo juu ya vitu vinavyoingia sikioni. Mdudu aliye hai huuawa kwanza kwa matone ya mafuta safi yasiyo ya moto, ilimradi ngoma haijatoboka, ndipo atolewe. Punje ya mahindi au ya kunde isimwagiwe maji, kwa sababu itavimba na kubana zaidi. Betri ndogo ya saa au ya mchezo wa watoto ni dharura. Huunguza nyama ya sikio kwa muda wa saa chache tu, na isitiwe tone la kitu chochote. Na hakuna kitu kinachotakiwa kuchokolewa kwa koleo na mtu asiyekiona vizuri. Ngoma nyingi zimetobolewa na waliotaka kusaidia.

Nta ya sikio si uchafu. Ni mlinzi, na kwa kawaida hutoka yenyewe. Ikiziba, huyeyushwa kwa matone ya mafuta siku chache, kisha huoshwa kwa maji, ikiwa tuna hakika kuwa ngoma ni nzima. Maji hayo yawe na joto la mwili. Sababu yake ina hadithi yake. Mganga mmoja wa Vienna, Robert Bárány, aliona kwamba wagonjwa aliowaosha masikio kwa maji ya baridi walishikwa na kizunguzungu na macho yao yakachezacheza. Maji yakiwa ya moto mno, macho yalicheza kuelekea upande wa pili. Akatambua kwamba baridi na joto huvisukuma vimiminika vya ile mirija ya nusu duara. Kwa utafiti huo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari ilimfikia akiwa mfungwa wa vita huko Urusi. Kwa hiyo mkiosha sikio na mgonjwa akaanza kuyumba kitini, msimwambie anajidekeza. Pimeni maji yenu.

Sasa nije kwenye kizunguzungu chenyewe. Lugha yetu ina maneno mawili, kizunguzungu na kisunzi, lakini wagonjwa huyatumia ovyo, na sisi huandika neno moja kwenye kadi na kumpa kila mtu kidonge kile kile. Mwulizeni mgonjwa: dunia inakuzunguka, au unaona giza kama mtu anayetaka kuanguka? Anayeona giza akisimama mtazameni damu yake, shinikizo la damu, malaria, njaa, na kama ni mwanamke, mimba. Anayezungushwa na dunia, hapo ndipo sikio la ndani linaposhukiwa.

Mwulizeni tena kinachukua muda gani. Kama ni chini ya dakika moja, na humjia akijigeuza kitandani au akitazama juu, mara nyingi ni vijiwe vidogo vya chokaa vilivyotoka mahali pake na kuingia katika mirija ya nusu duara. Huyo hana haja ya dawa nyingi. Kuna namna ya kumlaza na kukigeuza kichwa chake hatua kwa hatua ili vijiwe virudi kwao, na wengi hupata nafuu siku hiyo hiyo. Ombeni walimu wenu wawaonyeshe kwa vitendo. Kama ni dakika 20 mpaka saa kadhaa, pamoja na mvumo sikioni na kusikia kunakopungua, kumbukeni ugonjwa alioueleza Prosper Menière mjini Paris mwaka 1861. Kabla yake watu waliamini kizunguzungu chote hutoka ubongoni. Na kama mgonjwa hawezi kusimama, anaona vitu viwili viwili, ulimi ni mzito au mkono umelegea, hilo si sikio, hicho ni kiharusi, naye aende hospitali upesi.

Ama kulewa bahari, ambako wasafiri wa kwenda Mafia wanakujua vizuri, huko si maradhi. Sikio linasema tunayumba, macho yanayotazama sakafu ya chombo yanasema tumetulia, na ubongo haujui uamini lipi. Mwambieni abiria atazame mbali, pale bahari na mbingu zinapokutana.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika kwenye uziwi, na hapa naomba subira yenu kidogo.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba zaidi ya watu milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada, na kwamba karibu asilimia 60 ya uziwi wa watoto hutokana na mambo yanayoweza kuzuiwa. Mambo hayo tunayajua: usaha wa sikio, surua, uti wa mgongo, rubela kwa mama mjamzito, manjano makali ya kichanga, uzazi mgumu. Nchi yetu ilianza chanjo ya kichomi mwaka 2013, na chanjo ya surua pamoja na rubela mwaka 2014. Kila mkichanja mtoto, mjue kuwa mnalinda na masikio.

Kuna uziwi mwingine unaotoka mikononi mwetu wenyewe, nao ni ule wa dawa. Streptomaisini ilitumika miaka mingi kutibu kifua kikuu. Iliponya maelfu, na wengine iliwaacha wakiyumba. Kanamaisini, iliyotumika kwa kifua kikuu sugu, iliharibu usikivu wa wengi, na Shirika la Afya Duniani halikuipendekeza tena tangu miongozo ya 2018 na 2019. Kwinini nayo huleta mvumo masikioni, kama wazee wetu hapa wanavyokumbuka. Gentamaisini bado mtaitumia, tena kwa vichanga, nayo huokoa maisha. Kwa hiyo mpime kichanga uzito kabla ya kuvuta dawa, mfuate dozi, msizidishe siku. Mgonjwa akisema masikio yanavuma, mwandike, na mumwarifu mganga kabla ya sindano inayofuata.

Uziwi wa kelele nao umefika vijijini. Mashine ya kusaga, msumeno wa injini, boti za injini, na wale wanaovua kwa baruti kinyume cha sheria, wote wanaharibu chembechembe za sikio la ndani ambazo zikifa hazioti tena. Kipimo chepesi ni hiki: ikiwa huna budi kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, kelele hiyo ni ya hatari. Vijana wenye kuvaa hedifoni usiku kucha nao wajihesabu humo.

Lakini ninalotaka mlibebe kuliko yote ni neno moja la Kiswahili. Tukisema mtoto huyu “hasikii”, tuna maana gani? Kwa Kiswahili chetu, asiyesikia ni kiziwi, na asiyesikia ni mkaidi. Neno ni lile lile. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema mwalimu, na fimbo hufuata. Nilipokuwa delta nililetewa mvulana wa miaka 11 kwa kidonda cha mguu. Baba yake akasema mtoto ni mzuri ila hasikii, na shuleni amekwisha shindikana. Nikasimama nyuma ya yule mvulana, umbali wa mkono, nikanong’ona tarakimu tatu. Hakugeuka. Nikasema kwa sauti ya kawaida, bado. Masikio yote mawili yalikuwa yametoboka, na usaha ulikuwa wa miaka. Baba alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, “Kwa hiyo tulikuwa tunampiga kwa nini?” Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimpa utambi na matone, na barua kwa mwalimu ya kuomba mtoto akae dawati la mbele.

Kipimo hicho cha kunong’ona hakigharimu kitu. Kwa mtoto mchanga, ulizeni kama hushtuka kwa kishindo; akifika miezi sita, kama hugeukia sauti; akifika mwaka, kama anatamkatamka. Mama akisema “nadhani hasikii,” mwaminini mpaka kipimo kimkatalie, kwa kuwa yeye anaye usiku na mchana.

Wala msiseme kwamba hakuna la kufanya. Wazee husema sikio la kufa halisikii dawa, lakini masikio mengi tunayoyaona si ya kufa. Yako yanayopona kwa kukaushwa, yako yanayoshonwa ngoma, yako yanayosaidiwa na kifaa cha kusikia. Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya usikivu ndani ya sikio, huduma ambayo hapo nyuma wagonjwa wetu waliifuata India. Na kwa yule ambaye hatasikia kabisa, kuna Lugha ya Alama ya Tanzania, kuna shule kama ile ya Tabora iliyoanza mwaka 1963 na ya Buguruni iliyoanza 1974, na kuna Chama cha Viziwi Tanzania. Mtoto kiziwi akipata lugha mapema, atasoma na atafanya kazi kama mwingine. Akikosa lugha, ndipo anapokuwa mlemavu kweli kweli. Jifunzeni walau ishara za kusalimu, za maumivu na za dawa. Mgonjwa kiziwi ana haki ya kuelezwa ugonjwa wake yeye mwenyewe, asiishie kuelezewa kupitia kwa jirani.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa maombi matatu kwa chama chetu. Kwanza, mfuko wetu ununue otoskopu, yaani taa ya kuchungulia sikio, pamoja na betri zake, kwa zahanati zilizo karibu na shule hii. Bei yake haifiki gharama ya karamu yetu ya leo. Pili, kila mwaka wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wapimwe kwa kunong’onewa katika wiki yao ya kwanza, na hawa wadogo zetu wanauguzi waje waifanye kazi hiyo. Nina hakika kila mmoja wetu humu anamkumbuka mwenzetu aliyekaa nyuma ya darasa, aliyeitwa mzito, na aliyeacha shule bila ya mtu kujua sababu. Tatu, walimu wetu wapokee orodha ya watakaoonekana na tatizo, wawaweke mbele, na wazungumze wakiwatazama usoni na wala si wakiwa wameugeukia ubao.

Mkiyakubali hayo, mwakani nitakuja kuwaletea hesabu ya waliopimwa. Sasa Ndugu Katibu anaweza kuagiza pilau.